Kioo cha Kwenye Droo

Mama yangu, Effie Kinnaird, alikula mshahara
kwa kukunja uso.
Miaka ishirini na sita, ghorofa ya tatu, mjini Dundee,
dirisha likitazama mto Tay na reli iliyo juu yake,
aliandika maana za maneno ya kamusi,
na fungu lake mwaka ule lilikuwa nyuso:
zinazouma, zilizochukizwa.

Alificha kioo kwenye droo, cha duara,
chenye ufa upande wa chini.
Kila kitenzi alikivaa kwanza, kisha akakiandika.
Wenzake wakipita na chai walimkuta
amebetua mdomo mbele ya stepla,
wakarudi kinyumenyume.

Kuna kimoja kinachokwaruza mwanzoni
kama kijiko kwenye ukoko wa sufuria,
kikaishia kwa mlio wa bundi:
hicho ni cha nyusi zilizoshuka kumngoja mtu.
Nilikijua kabla sijajua kusoma.
Nilikiona nikichelewa, nikivunja, nikipenda
mvulana wa duka la samaki.

Kuna kinachonguruma kisha kikaonyesha meno.
Kuna cha paji la uso, na bwana mmoja wa Ohio
alileta barua nne, ya mwisho kwa wino mwekundu:
kwetu kitenzi hicho hukaa mdomoni, bibie, si juu ya macho.
Mama alizijibu zote.
Alisema mtu anayegombana na kamusi
ni mpweke anayestahili jibu.

Lakini kimoja kilimshinda.
Kidogo, herufi tano;
unaanza kukitamka kama unayepuliza chai,
unamaliza hewa ikikupenya menoni.
Ni uso wa nukta moja: maumivu yamepiga hodi
na kuondoka kabla hujauliza nani.
Kwenye kioo hakikuja.
Ukikiita, kinakuwa kingine.
Akaandika mistari miwili, akaifuta,
akaandika tena, ikachapwa,
hajaipenda hadi leo.

Leo: yaani Februari, wodi ya nane,
theluji ya majimaji ikichuruzika dirishani.
Kiharusi kimemchukulia upande wa kulia,
mkono na shavu, na ulimi wote.
Uso wake ni kurasa mbili, moja haijaandikwa.
Ukutani kuna picha za nyuso sita,
kuanzia inayocheka hadi inayolia,
na muuguzi Murdo anamwomba aguse moja.
Anazitazama kama makosa ya chapa.

"Anaumwa," nasema. "Tazama, anakunja uso."
Mkono wa kushoto unadai kalamu.
SICHO, anaandika, herufi zikiyumba.
"Basi amekasirika."
SICHO.
Nikamtajia vyote, droo nzima,
naye akivipiga mstari kimoja kimoja
kama anayetoa chuya kwenye mchele.

Nilikuwa nimekuja kudai deni, sitaficha.
Miaka arobaini ya kile cha bundi.
Nikazitafuta nyusi zake: moja ilishuka,
nyingine ikabaki palepale, kama haikusikia.
Nusu ya hasira hainitoshi.

Ndipo Murdo akamshika bega kumgeuza,
taratibu, kwa hesabu, moja, mbili,
na kitu kikapita.
Si kwake. Kwangu.
Nilikihisi kwenye jicho na pembe ya mdomo,
kimeshafika, kimeshaondoka.

Alikuwa ananitazama.
Kalamu ikamponyoka, Murdo akaiokota kwenye shuka,
na mama akaandika kwa muda mrefu,
kichwa kikiinama kama cha mtoto wa shule:
HICHO. RUDIA.

Nikajaribu.
Kikaja kingine, chenye machozi.
Akakipiga mstari.